Jeni 450, Kisha 11: Jinsi Kompyuta Inavyoisaka Saratani ya Mapafu

Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Broad, iliyoko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Nature orodha iliyowashtua wenzao. Walichukua data ya vinasaba vya wagonjwa 178 wenye aina moja ya saratani ya mapafu, ile inayoanzia kwenye seli bapa za njia ya hewa, wakaipitisha kwenye programu zilizokuwa zikitumika kila mahali wakati huo. Swali lilikuwa rahisi kulitamka: ni jeni zipi zimebadilika mara nyingi kupita ilivyotarajiwa? Kompyuta ikaleta jeni 450.

Karibu robo ya jeni hizo, 101 kwa hesabu kamili, zilikuwa jeni za kunusa, zile zinazotengeneza vipokezi vya harufu puani. Jeni ya titini, protini kubwa kuliko zote mwilini na ambayo kazi yake iko kwenye misuli, nayo ilikuwemo. Pua na misuli zimeingiaje kwenye uvimbe wa pafu?

Watafiti hao walijua jibu, na ndiyo maana waliichapisha orodha. Hesabu yenyewe haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kile ambacho programu ziliambiwa zikitarajie. Zilidhani kwamba kila sehemu ya vinasaba ina nafasi sawa ya kubadilika, na kumbe sivyo. Hoja ya mhadhara huu inatoka hapo: katika uchambuzi wa mabadiliko ya jeni, kuhesabu ndiyo sehemu nyepesi, na sehemu nzito ni kuamua hesabu hiyo ilinganishwe na nini. Likikosewa hilo, mgonjwa hupewa dawa isiyomfaa au hunyimwa ile inayomfaa.

Ugonjwa unaozungumziwa si mdogo. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.5 duniani waligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na takriban milioni 1.8 walifariki kwa ugonjwa huo. Hakuna saratani nyingine iliyoua watu wengi kiasi hicho. Katika Afrika Mashariki mtu anayekohoa muda mrefu na kukonda hupimwa kwanza kifua kikuu, na ni sawa apimwe, kwa kuwa kifua kikuu kipo kwa wingi. Lakini wapo wanaomeza dawa za TB kwa miezi kadhaa kabla ya picha ya CT na kinyama kilichokatwa pafuni kuonyesha kwamba tatizo lilikuwa jingine. Wakati huo ugonjwa umeshasambaa, na swali la jeni gani imebadilika huwa ndilo linaloamua dawa.

Ili kulijibu swali hilo, kinyama husagwa na vinasaba hutolewa. Karibu kila seli ya binadamu yenye kiini hubeba nakala mbili za maandishi yenye herufi takriban bilioni 3, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Mashine haisomi kromosomu kutoka mwanzo hadi mwisho. Vinasaba hukatwakatwa, kisha vipande husomwa kwa urefu wa herufi 150 hivi. Ili kila nafasi isomwe kwa wastani mara 30, vinahitajika vipande vipatavyo milioni 600 kwa sampuli moja, na kila kimoja lazima kirudishwe mahali pake kwenye ramani rejea ya vinasaba vya binadamu. Kwa mkono kazi hiyo haiwezekani. Hata kwa kompyuta ilikuwa ya kukatisha tamaa, hadi watu wakakumbuka mbinu ambayo haikuhusiana na tiba hata kidogo. Mwaka 1994 Michael Burrows na David Wheeler walibuni namna ya kupanga upya herufi za faili ili faili libanwe na kuchukua nafasi ndogo. Miaka 15 baadaye Heng Li na Richard Durbin, wakiwa Taasisi ya Sanger nchini Uingereza, walitumia mbinu hiyohiyo kutafuta mahali pa kila kipande ndani ya herufi bilioni 3 bila kuzipekua zote. Programu yao, BWA, bado inatumika katika maabara nyingi.

Sasa mchambuzi amekaa mbele ya skrini, vipande vimeshapangwa, naye anafika kwenye kromosomu ya 7, nafasi ya 55,191,822 ya ramani inayoitwa GRCh38. Kwenye ramani hapo pana herufi T. Ni herufi ya katikati ya kundi la CTG, linaloiagiza seli iweke asidi amino iitwayo leusini. Tuseme vipande 200 vimepita juu ya nafasi hiyo, ambapo 162 vinaonyesha T na 38 vinaonyesha G. Maana yake CTG imekuwa CGG katika baadhi ya seli, na mahali pa leusini pamekaa ajinini. Hiyo ni asidi amino ya 858 katika protini ya EGFR, na badiliko lenyewe huitwa L858R. Protini hiyo hukaa kwenye utando wa seli ikisubiri ishara ya kukua. Ikibadilika hivyo, hutoa amri ya kukua hata pasipo ishara.

Kwa nini vipande 38 na si vyote? Kwa sababu kinyama huchukuliwa pamoja na seli nzima za mishipa, za kinga na za pafu lisilougua, na kwa sababu kila seli ina zaidi ya nakala moja ya kromosomu hiyo. Vipande 38 kati ya 200 havimpi mtu mashaka. Vingekuwa vitatu, mambo yangekuwa mengine, kwani mashine yenyewe hukosea herufi mojamoja, na formalini ambayo vinyama huhifadhiwa ndani yake huharibu baadhi ya herufi C zikasomeka kama T. Ndiyo maana programu kama MuTect, iliyotolewa na watu wa Broad mwaka huohuo wa 2013, haitosheki na kuhesabu vipande. Hupima uwezekano kwamba herufi ngeni imetoka kwenye uvimbe dhidi ya uwezekano kwamba imetoka kwenye mashine.

Baada ya hapo hufuata ulinganisho ambao bila huo kila kitu huvurugika. Mtu yeyote, mgonjwa au mzima, hutofautiana na ramani rejea katika nafasi milioni 4 hadi 5. Hizo ni tofauti alizozaliwa nazo, nyingi zikiwa hazina madhara. Mabadiliko yaliyojitokeza ndani ya uvimbe ni machache mno yakiwekwa kando ya hizo. Mwaka 2010 kikundi cha Sanger kilisoma vinasaba vyote vya seli za saratani ya mapafu ya seli ndogo zilizokuzwa maabara kwa jina la NCI-H209, kikazilinganisha na seli za damu za mtu huyohuyo, kikapata mabadiliko 22,910 ya herufi mojamoja. Elfu 22 ndani ya milioni 4 hazionekani, mpaka damu yake iwepo. Damu husomwa, tofauti za kuzaliwa hufutwa, na kinachobaki ndicho kilichompata pafuni.

Kutokana na hesabu hiyo watafiti walikadiria kwamba seli za mvutaji hupata badiliko moja kwa kila sigara 15 hivi.

Lakini mabadiliko mengi namna hiyo huleta tatizo lake. Mengi kati ya hayo 22,910 hayakusababisha chochote. Yametokea tu, yakabebwa na seli iliyokuwa inagawanyika kwa sababu nyingine. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Cell mwaka 2017, uliochambua uvimbe 7,664 wa aina 29 za saratani, ulikadiria kwamba mabadiliko yanayousukuma uvimbe mmoja kukua ni wastani wa manne hivi. Kuyatenga hayo manne na maelfu ya yale yaliyobebwa tu ndiyo kazi iliyozishinda programu zilizoleta jeni za kunusa.

Tatizo la programu hizo linafaa kuelezwa polepole. Programu za zamani zilichukua idadi ya mabadiliko yote, zikaigawa kwa urefu wa maandishi, zikapata wastani, kisha zikatangaza kuwa jeni yoyote iliyouzidi sana wastani huo inahusika na saratani. Sasa, jeni inayotumika mara kwa mara husomwa na seli siku nzima. Kimeng'enya kinachoisoma kikikuta herufi iliyojeruhiwa hukwama hapo, na kukwama kwake huita mafundi wa seli waje kukarabati. Jeni isiyotumika haipati huduma hiyo. Pafu halinusi, kwa hiyo jeni za kunusa hukaa zimefungwa, na majeraha yake hayagunduliki. Zaidi ya hayo, seli inapojiandaa kugawanyika hunakili vinasaba vyake kwa zamu, na sehemu zinazonakiliwa mwishoni hupata makosa mengi zaidi. Jeni nyingi za kunusa ziko kwenye sehemu hizo za mwisho. Titini nayo ina kazi yake kwenye misuli, si pafuni, kwa hiyo nayo hukosa ukarabati huo.

Waandishi wa programu mpya, MutSigCV, wakiongozwa na Michael Lawrence na Gad Getz, waliipa kila jeni matarajio yake yenyewe. Kwa kila jeni programu hutazama jeni nyingine zinazofanana nayo, yaani zinazotumika kwa kiasi kilekile na kunakiliwa kwa zamu ileile, kisha huuliza kama hii imezidi wenzake. Data ileile ya wagonjwa 178 ilipopita kwenye programu hiyo, jeni 450 zikapungua hadi 11. Jeni za kunusa zote ziliondoka. Zilizobaki zilikuwa za kueleweka: TP53 inayolinda seli zisigawanyike zikiwa na majeraha, CDKN2A na RB1 zinazozuia mgawanyiko, PTEN na PIK3CA zinazohusika na ishara za kukua. Mgeni mmoja tu alijitokeza, HLA-A, jeni ambayo huziwezesha seli za kinga kumtambua adui. Hilo nalo lina mantiki yake, kwani uvimbe unaoiharibu jeni hiyo hupata mahali pa kujificha.

Hakuna mgonjwa mpya aliyeongezwa, wala mashine mpya iliyonunuliwa. Kilichobadilika ni matarajio. Wanafunzi wengi wanaoanza bayoinfomatiki leo, Nairobi au Dar es Salaam, huambiwa kwanza habari za mashine na ukubwa wa data. Ingefaa waanzie kwenye orodha hiyo ya 450.

Faida ya kupata jeni sahihi ilikuwa imeshaonekana kitandani kwa wagonjwa miaka tisa kabla ya orodha hiyo. Mei 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kidonge kiitwacho gefitinib. Kwa wagonjwa wengi wa Marekani hakikusaidia kitu. Kwa takriban mmoja kati ya kumi uvimbe ulinywea, wakati mwingine kwa kasi ambayo madaktari hawakuwa wameizoea katika saratani hii. Waliofaidika walikuwa zaidi wanawake, watu ambao hawajawahi kuvuta sigara, na watu wenye asili ya Asia Mashariki. Mwaka 2004 vikundi viwili vya Boston, kimoja cha Hospitali Kuu ya Massachusetts na kingine cha Taasisi ya Dana-Farber, vilisoma herufi za jeni ya EGFR katika uvimbe wa wagonjwa hao. Katika kikundi cha kwanza, wagonjwa 8 kati ya 9 waliofaidika walikuwa na badiliko kwenye EGFR. Kati ya 7 ambao dawa haikuwasaidia, hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo.

Hata hivyo ilichukua miaka mingine mitano kwa jambo hilo kuthibitika katika jaribio kubwa. Jaribio la IPASS, lililochapishwa mwaka 2009, lilihusisha wagonjwa 1,217 wa Asia Mashariki, nusu wakipewa gefitinib na nusu tibakemikali. Grafu ya matokeo ilikuwa ya ajabu: mstari wa tibakemikali ulikuwa juu miezi ya mwanzo, kisha mistari ikakatana na ule wa gefitinib ukapanda juu. Grafu ya namna hiyo huashiria kwamba makundi mawili tofauti yamechanganywa. Walipotenganishwa kwa jeni, kila kitu kilinyooka. Kwa wenye badiliko la EGFR, hatari ya ugonjwa kusonga mbele wakiwa kwenye gefitinib ilikuwa mara 0.48 ya wale wa tibakemikali, yaani chini ya nusu. Kwa wasio na badiliko hilo ilikuwa mara 2.85. Kidonge kilekile, kikitolewa bila kipimo, kiliwaumiza wengine huku kikiwasaidia wenzao. Anayeandika bajeti ya hospitali na kuona kipimo cha jeni kama anasa angeitazama namba hiyo ya 2.85 kwa makini.

Mabadiliko yasiyosukuma uvimbe nayo hayakutupwa. Yana habari ya aina nyingine: ni nini kilichomjeruhi mtu huyu?

Moshi wa tumbaku una kemikali iitwayo benzopairini. Mwilini hugeuzwa kuwa kitu kinachong'ang'ania herufi G, na seli inaponakili vinasaba vyake hukosea ikaweka T mahali pa G. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walionyesha katika jarida la Science kwamba kemikali hiyo hushika jeni ya TP53 hasa kwenye nafasi zilezile, zikiwemo ya 157, ya 248 na ya 273, ambazo hukutwa zimebadilika katika saratani za mapafu. Mwanga wa jua nao huacha alama yake kwenye ngozi, na baadhi ya dawa za asili zina yao. Ndani ya uvimbe mmoja alama hizo zimechanganyikana. Programu huanza kwa kuzipanga. Kuna aina 6 za kubadilishana herufi, na kila moja hutazamwa pamoja na herufi iliyo kushoto na iliyo kulia kwake. Sita mara nne mara nne ni aina 96. Kila uvimbe hugeuka kuwa safu ya namba 96.

Msikilizaji aliyezoea taarab, akisimama nje ya ukumbi, hutofautisha udi na fidla na ganuni ingawa sauti zote zinamfikia kwa pamoja, kwa sababu ameshasikia nyimbo nyingi ambamo vyombo hivyo vimechanganywa kwa viwango mbalimbali. Mbinu ya hisabati ya kutenganisha matriki zisizo na namba hasi hufanya kitu cha namna hiyo: ikipewa safu za uvimbe maelfu, hupata mifumo michache ambayo ikichanganywa huzirudisha safu zote. Mwaka 2013 Ludmil Alexandrov na wenzake waliitumia kwa saratani 7,042 zenye mabadiliko 4,938,362, wakapata zaidi ya mifumo 20. Wa nne, wenye G nyingi zilizogeuka T, ulikuwa wa tumbaku. Mwaka 2016 walikwenda mbele wakakadiria kwamba anayevuta pakiti moja kwa siku kwa mwaka mzima huongeza mabadiliko 150 katika kila seli ya pafu, na 97 katika kila seli ya koo la sauti.

Tumbaku si moshi pekee unaoandika hivyo. Wilaya ya Xuanwei katika jimbo la Yunnan, China, ilijulikana kwa wanawake wengi kufa kwa saratani ya mapafu ingawa karibu hakuna aliyevuta sigara. Walikuwa wakipika na kuota moto wa makaa ya mawe yenye moshi mzito, ndani ya nyumba zisizo na bomba la kutolea moshi. Mwaka 2001 uvimbe wa watu 24 wa huko wasiovuta sigara ulisomwa jeni za KRAS na TP53. Uliokuwa na badiliko la KRAS ulikuwa 7, na katika 6 kati ya huo G ilikuwa imegeuka T, alama ileile ya mvutaji. Watu hao walikuwa wamevuta moshi wa jikoni kwao. Utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba familia zilizohamia kwenye majiko yenye bomba la moshi zilipunguza hatari ya saratani ya mapafu kwa zaidi ya asilimia 40. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeuweka moshi wa makaa ya mawe ya nyumbani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka, na moshi wa kuni katika kundi la vile ambavyo yaelekea vinasababisha. Kwa mama anayepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, iwe Iringa au Kakamega, tofauti kati ya makundi hayo mawili isichukuliwe kuwa ruhusa.

Halafu kuna jambo lililoigeuza picha nzima. Watu wengi hudhani kuwa badiliko la EGFR au KRAS likionekana, saratani ipo. Mwaka 2023 kikundi cha Charles Swanton, cha Taasisi ya Francis Crick mjini London, kilichapisha uchambuzi wa tishu za mapafu zisizo na saratani. Asilimia 18 ya sampuli zilikuwa na badiliko la EGFR linalojulikana kusukuma saratani, na asilimia 53 zilikuwa na la KRAS. Yaani seli zenye mabadiliko hayo hukaa kimya katika tishu za mapafu zisizo na saratani. Chembe laini za uchafu wa hewa, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, huleta uvimbeuchungu kupitia kiashirio cha kinga kiitwacho interlukini-1 beta, na hali hiyo huziamsha. Hapa tena ulinganisho ndio uliosema: bila kuyapima mapafu mazima, yale ya wagonjwa yangeendelea kueleweka vibaya.

Habari njema zaidi katika miaka hii nayo ilitoka kwenye tishu zisizo na saratani. Watafiti wa Sanger na wa University College London, UCL, walichukua seli za njia ya hewa kwa watu 16, watoto, wasiovuta, wavutaji na walioacha, wakakuza makoloni 632, kila moja likitokana na seli moja, wakayasoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa walioacha sigara kulikuwa na kundi la seli zenye mabadiliko machache karibu sawa na ya mtu ambaye hajawahi kuvuta, na kundi hilo lilikuwa kubwa hadi mara nne kuliko kwa wanaoendelea kuvuta. Seli zilizoponyoka moshi huzaana na kulichukua eneo. Mtu aliyevuta miaka 30 akidhani kwamba kuacha sasa hakuna maana anastahili kuambiwa habari hiyo kwa lugha yake.

Uvimbe unaotibiwa nao hausimami. Mgonjwa wa L858R aliyepata nafuu kwa gefitinib mara nyingi huona ugonjwa ukirudi, kwa kawaida karibu na mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2005 ilibainika kwamba katika wengi wao jeni ileile imeongeza badiliko la pili, T790M, ambalo huizuia dawa isishike. Dawa ya osimertinib, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015, ilitengenezwa kulikabili, na mwaka huohuo likaripotiwa badiliko jingine, C797S, linaloikwepa osimertinib. Kufuatilia mbio hizo kwa kukata kinyama kila mara kunamchosha mgonjwa, na wakati mwingine ni hatari. Vipande vya vinasaba vya uvimbe huelea kwenye damu, na tangu 2016 FDA imeruhusu kipimo cha EGFR kinachotumia damu hiyo. Lakini vipande hivyo huweza kuwa chini ya kimoja katika mia, na hapo lile swali la kosa la mashine dhidi ya ukweli hurudi kwa nguvu mpya.

Akili bandia imeingia pia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliifundisha kompyuta kutazama picha za darubini za vinyama vya mapafu, na kutokana na umbo la seli peke yake ikakisia mabadiliko ya jeni sita, zikiwemo EGFR, KRAS na TP53, kwa usahihi wa wastani hadi mzuri. Kukisia huko kunaweza kusaidia kuamua ni kinyama kipi kipimwe kwanza pale ambapo fedha ni chache. Hakutoshi kumwandikia mtu dawa.

Sasa ulinganisho wa mwisho, unaomgusa msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Pale ambapo damu ya mgonjwa haikupelekwa pamoja na kinyama, maabara huchukua hifadhidata za watu wengine na kufuta kila tofauti iliyokwisha kuonekana kwao, kwa kudhani kwamba ni ya kuzaliwa. Mbinu hiyo ni nzuri kadiri hifadhidata inavyomjua mgonjwa. Mradi wa Jenomu 1000, uliokamilika mwaka 2015, ulisoma watu 2,504 wa jamii 26, na kati yao wapo Waluhya wa Webuye, magharibi mwa Kenya, wasiofika mia moja. Hao ndio pekee walioiwakilisha Afrika Mashariki katika mradi huo. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa ulisoma Waafrika 426 wa makundi 50 ya lugha na makabila, ukapata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa popote. Kila moja ya hizo ingeweza kusomwa na programu kama badiliko la saratani.

Athari yake haiishii kwenye takwimu. Mwaka 2020 FDA iliruhusu dawa ya kinga, pembrolizumab, kwa uvimbe wenye mabadiliko 10 au zaidi kwa kila herufi milioni. Miaka miwili baadaye utafiti katika jarida la Cancer Cell ulionyesha kwamba hesabu ya kinyama bila damu huizidisha idadi hiyo, na kosa huwa kubwa zaidi kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika na Asia, kwa sababu tofauti zao za kuzaliwa hazimo kwenye hifadhidata. Mgonjwa anaonekana amevuka kizingiti kumbe hajavuka, anapewa dawa ya gharama kubwa isiyoelekea kumsaidia, na muda unapita.

Kuongeza Waafrika kwenye hifadhidata kutachukua miaka, na ni kazi inayohitaji fedha za serikali na ridhaa ya watu wenyewe. Kuna hatua ambayo haihitaji kusubiri. Kinyama kinapofungwa ndani ya nta kupelekwa kwenye maabara ya mbali, mililita chache za damu ya mgonjwa huyohuyo zisafirishwe nacho, zikiwa na namba ileile kwenye lebo, na muda ambao kinyama kilikaa kwenye formalini uandikwe kwenye fomu. Damu huiwezesha programu kufuta tofauti za kuzaliwa za mtu huyo bila kumtegemea mtu mwingine yeyote, na muda wa formalini humwonya mchambuzi kuhusu zile C zilizogeuka T baada ya kinyama kutoka mwilini. Hospitali inayotuma ina haki ya kudai irudishiwe pia mafaili ghafi ya usomaji, pamoja na ripoti ya kurasa mbili, ili yachambuliwe upya hapa nyumbani siku hifadhidata zitakapokuwa zimewafikia watu wa Webuye na majirani zao.